MTOTO ALIYEONDOLEWA KABLA YA MTIHANI ANAHESABIWA WAPI?



Kila sifa njema ni ya Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad ﷺ, ahli zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu, kila mwaka Januari inapoelekea ukingoni na Baraza la Mitihani likishatoa matokeo ya kidato cha nne, simu zetu hujaa mabango. Kila shule ina la kwake. Picha ya jengo, picha ya mkuu wa shule, na chini yake namba kubwa kubwa: daraja la kwanza wangapi, la pili wangapi, la nne hakuna, sifuri hakuna. Shule zetu za Kiislamu nazo zimo, tena nyingine bango lao linaanza kwa Bismillah. Tunalisambaza kwenye makundi ya msikiti, tunaandika maashaAllah, tunafurahi. Kufurahi si kosa. Watu ambao wazee wao walikuwa wakilalamika miaka nenda rudi kwamba wameachwa nyuma katika elimu wana haki ya kufurahi mtoto wao anapofaulu.

Lakini leo naomba tulisimamie hilo bango kidogo. Hasa ni kitu gani? Ni shule imejipima yenyewe, ikajipa alama yenyewe, kisha ikatutangazia sisi wazazi na sisi tuliotoa sadaka ya tofali na mabati. Ile ni hesabu. Na hesabu katika dini yetu si mapambo.

Swali langu ni moja tu, na sijawahi kuliona limejibiwa kwenye bango lolote. Watoto wangapi waliingia kidato cha kwanza?

Tuchukue mfano, na ni mfano tu, msianze kutafuta ni shule gani. Shule ilipokea watoto 120 wa kidato cha kwanza. Miaka minne baadaye waliofanya mtihani ni 67. Daraja la kwanza 41, la pili 20, la tatu 6. Bango linasema ufaulu ni asilimia 100, na si uongo, wote 67 wamefaulu. Sasa warudishe wale 53 kwenye hesabu. Waliofika mwisho mikononi mwa shule ile ni 67 kati ya 120, yaani asilimia 56 hivi. Na wale wa daraja la kwanza, ambao kwenye bango wanaonekana zaidi ya nusu, wanakuwa kama theluthi moja ya watoto walioletwa siku ile ya kwanza na ndoo zao, magodoro yao na masanduku yao ya bati.

Hao 53 wako wapi?

Tuwe waadilifu. Wapo waliohama kwa sababu za kawaida za maisha: baba kahamishwa kazi, ada imeshindikana, mtoto ameugua. Wapo waliokariri kidato cha pili kwa mujibu wa utaratibu wa serikali baada ya kushindwa upimaji wa taifa. Hao hakuna wa kumlaumu. Lakini kila anayezijua shule zetu za bweni anajua kwamba kuna mlango mwingine wa kutokea, mlango wa nyuma, na jina lake ni wastani wa shule. Shule inaweka alama yake, tuseme 45. Mtoto akipata chini ya hapo mwisho wa kidato cha pili au cha tatu, mzazi anaitwa ofisini na kuambiwa kwa upole kwamba kijana hataweza kuendelea hapa. Pengine anapewa barua ya uhamisho kabla hajaiomba. Pengine anabaki darasani, lakini mwanzoni mwa mwaka wa mtihani jina lake linasajiliwa kwenye kituo kingine, au anaambiwa afanye kama mtahiniwa wa kujitegemea. Analala bweni letu, anakula maharage yetu, anaswali nyuma ya imamu wetu, ila matokeo yake si yetu.

Wizara ya Elimu imeshakemea mchujo huu na kuukataza. Bado upo, kwa sababu haufanywi kwa tangazo, unafanywa kwa ushauri. Mzazi "anashauriwa".

Mama mmoja alinitumia ujumbe mwaka jana. Binti yake alikuwa kidato cha tatu kwenye seminari moja ya bweni. Wastani wake ulikuwa 43, wa shule ni 45. Ripoti ya kufunga shule ikaja na mstari mmoja chini: mzazi unashauriwa kumtafutia mwanao shule inayoendana na uwezo wake. Mama huyu alikuwa amelipa ada ya miaka mitatu bila kukosa muhula hata mmoja, na kazi yake ni kuuza vitenge. Binti amehifadhi juzuu kumi. Mama hakuniomba niingilie kati. Aliniuliza swali tu: "Shekhe, kama waliofaulu walikuwa wanaweza na huyu alikuwa hawezi, wao kazi yao ilikuwa kumfundisha nani?"

Nimekaa na swali lile muda mrefu.

Mnaijua hadithi ya Abu Hurayra (radhiya Allahu anhu) iliyomo katika Sahihi Muslim. Mtume ﷺ alipita sokoni akakuta lundo la chakula. Juu lilikuwa kavu, linapendeza. Akaingiza mkono wake mtukufu ndani ya lundo, vidole vikakutana na unyevu. Akamuuliza mwenye mali, hii ni nini? Yule akasema mvua ilinyea. Mtume ﷺ akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, kisha akasema maneno mazito, kwamba anayedanganya hayuko pamoja naye.

Angalia vizuri, ndugu yangu. Yule bwana hakusema uongo hata neno moja. Hakuandika kwamba nafaka yote ni kavu. Wala si yeye aliyeleta mvua. Kosa lake lilikuwa moja: alipanga lundo lake kwa namna ambayo mnunuzi ataona kavu tu. Mtume ﷺ hakumlaumu kwa mvua, na hakumwambia aitupe ile iliyolowa. Alimwambia aiweke juu.

Mabango yetu ya Januari ni lundo lililopangwa namna hiyo. Na mtoto aliyepata 43 ndiye ile punje iliyolowa, ila sisi tumepiga hatua mbaya zaidi ya yule bwana wa sokoni: yeye aliifunika, sisi tumeitoa nje ya lundo kabisa ili hata anayeingiza mkono asiipate.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo linalonitisha zaidi. Katika sura ya 83, Al-Mutaffifin, Allah anawaonya watu ambao wanapopokea kwa wengine hutaka kipimo kijae, na wanapowapimia wengine hupunguza. Tumezoea kuisoma sura hii tukimfikiria muuza mchele na kopo lake lililobonyezwa. Sasa chukua daftari la ada la shule. Wakati wa kukusanya ada, watoto ni 120. Wakati wa kupiga hesabu ya chakula tunachomwomba mfadhili atuchangie, watoto ni 120. Tunapomwandikia mtu wa kheri atuchimbie kisima, tunaandika 120, pengine tunaongeza na wa msingi. Na siku ya kutoa matokeo? Ni 67. Kipimo cha kupokelea ni kimoja, kipimo cha kutolea ni kingine. Sitoi hukumu juu ya nafsi ya mtu yeyote. Nasema tu, kama wewe ni mjumbe wa bodi ya shule, isome sura ile usiku wa leo ukiwa umeshika daftari hilo mkononi.

Wengine mtasema, shekhe unakuza mambo, hii ni tabia ya shule chache zenye tamaa. Laiti ingekuwa hivyo. Mwaka 2013 serikali yetu ilianzisha mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Katika elimu, mojawapo ya mambo yaliyofanyika ni kupanga shule za msingi kwa matokeo ya darasa la saba, ya kwanza mpaka ya mwisho, kitaifa na ndani ya kila wilaya, na kuutangaza mpangilio huo. Lengo lilikuwa zuri, kwamba shule iliyo mkiani ione haya na ijitahidi. Watafiti wa uchumi walikuja kuchambua takwimu za shule zote za msingi nchini kuanzia 2011 hadi 2016. Walichokuta kina pande mbili. Shule zilizokuwa chini kabisa katika wilaya zao ziliinua kweli matokeo yao, na hilo tusilifiche. Lakini pia shule zilianza kuwapunguza watoto wa darasa la mwisho, wasifike kwenye mtihani. Na hizi ni shule za umma, hazina ada ya kugombea wala mteja wa kumvutia. Hakukuwa hata na adhabu ya maana kwa shule itakayobaki chini, ilikuwa ni kutajwa tu. Kutajwa tu kulitosha kumfanya mtu mzima amwone mtoto wa miaka kumi na tatu kuwa ni doa kwenye hesabu yake.

Januari 2023 Baraza la Mitihani likaacha kutangaza shule kumi bora, likieleza kwamba haina tija kuzilinganisha shule ambazo mazingira yake hayafanani. Mimi niliunga mkono. Shule inayochagua kwa usaili watoto walioshika alama za juu darasa la saba haiwezi kuwekwa kwenye mbio moja na shule ya kata inayopokea kila mtoto anayepangiwa, hata yule aliyefika kidato cha kwanza akisoma Kiswahili kwa kukwamakwama. Mtoto aliyeingia na 30 akatoka na 50 amefundishwa. Aliyeingia na 85 akatoka na 80, je? Huyo ndiye anayewekwa kwenye bango.

Baraza limeacha, bango limebaki. Sasa kila shule inajitangaza yenyewe, na mpimaji akiwa ni mpimwaji, lundo hupangwa vizuri zaidi.

Wala ugonjwa huu si wa shule peke yake, taifa zima limewahi kuugua. Mnakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yaliyotangazwa Februari 2013? Zaidi ya watoto laki mbili walipata sifuri, zaidi ya nusu ya waliofanya. Nchi ilitikisika, tume ikaundwa, ikaonekana utaratibu wa kupanga madaraja mwaka ule ulikuwa tofauti na ule wa miaka ya nyuma, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Miezi michache baadaye yakatoka mapya na sifuri zikapungua. Huenda kwa upande wa haki ya wale watoto ilikuwa sahihi, sibishani na hilo. Lakini kati ya matokeo ya kwanza na ya pili hakuna mtoto aliyefundishwa kipindi hata kimoja zaidi. Kisha 2014 tukaingia kwenye mfumo wa wastani wa alama, kisha tukarudi kwenye madaraja. Tulibadilisha mizani mara nyingi kuliko tulivyobadilisha kilichomo kwenye gunia.

Sasa kujipima kwenyewe kukoje? Maana sisemi shule isijipime. Kujihesabu ni dini. Umar ibn al-Khattab (radhiya Allahu anhu) ametufundisha tujihesabu kabla hatujahesabiwa, na siku ya Kiyama, kama Allah anavyotueleza katika Suratul Israa, kila mtu atatolewa kitabu chake akisome mwenyewe, na nafsi yake itatosha kuwa mhesabu wake. Siku hiyo hakuna wa kupanga lundo.

Na tukitaka la kiserikali lipo pia. Tangu 2017 wakaguzi wa shule wa zamani, ambao siku hizi tunawaita wathibiti ubora, wanafanya kazi kwa mwongozo unaoitazama shule katika maeneo sita: mafanikio ya mwanafunzi, ubora wa ufundishaji, namna mtaala unavyokidhi haja za wanafunzi, uongozi, mazingira ya shule pamoja na afya na usalama wa mtoto, na ushirikiano wa shule na jamii. Mtihani wa taifa ni sehemu ya eneo moja tu katika hayo sita. Tena shule haisubiri mgeni. Inatakiwa iwe na timu yake ya ndani, ijipime, iandike nguvu zake na udhaifu wake, na udhaifu huo uingie kwenye mpango wake wa maendeleo.

Karatasi ni nzuri. Utekelezaji mnaujua. Ikisikika tu kwamba wathibiti ubora wanakuja Jumatatu, Jumamosi shule inapakwa chokaa. Mwalimu anaketi usiku mmoja na kuandika maandalio ya somo ya miezi mitatu, tena anabadilisha kalamu katikati ili wino usifanane. Fomu ya kujipima inajazwa ofisini na mtu mmoja, kila mahali "vizuri", "vizuri sana", na pale panapouliza changamoto panaandikwa upungufu wa matundu ya vyoo na uzio, kwa sababu hizo ni changamoto zinazomlaumu mfadhili na si mwalimu. Kesho yake wote wanajua kwamba ile fomu ni uongo, na aliyeipokea anajua, na maisha yanaendelea. Tumewafundisha watoto somo gani siku hiyo? Wao ndio waliobeba maji ya chokaa.

Ripoti ya kweli ingesomekaje? Ingesema hivi: Fizikia kidato cha tatu haikuwa na mwalimu kuanzia Machi mpaka Agosti. Ingesema: darasa lina watoto 60 na vifaa vya maabara vinatosha 15, kwa hiyo robo tatu hutazama tu. Ingesema: wasichana tisa hawakurudi baada ya likizo ya Juni, sita tumewapigia simu wazazi wao, watatu namba hazipatikani. Ingesema: Hisabati kidato cha pili watoto 31 walikuwa chini ya 30, tukaanzisha kipindi cha jioni, baada ya miezi minne 14 wamepanda, 17 bado. Ripoti ya namna hii haipendezi kwenye bango. Lakini mzazi akiisoma anajua mwanawe yuko kwa watu wanaomjua kwa jina.

Hapa nataka tukumbuke Suratul Abasa, sura ya 80. Mtume ﷺ alikuwa na wakubwa wa Kiqureshi akiwalingania, akitarajia kwamba wakisilimu hao, wengi watawafuata. Akaja Abdullah ibn Umm Maktum, kipofu, anataka kufundishwa. Mtume ﷺ akakunja uso na kugeuka, na Allah akateremsha aya za kumzindua kuhusu huyu aliyekuja mbio akitafuta elimu. Zingatieni adabu ya kisa hiki: nia ya Mtume wetu ilikuwa ni njema kuliko nia zote, alikuwa anaitafutia dini nguvu, na yule kipofu hakuona hata ule uso uliokunjwa. Pamoja na hayo wahyi ukashuka kwa ajili ya mwanafunzi mmoja. Baadaye Ibn Umm Maktum akawa mwadhini wa Mtume ﷺ, na alikuwa akiachiwa Madina aisimamie Mtume anapotoka safari. Sisi tunamgeuzia mtoto mgongo kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya bango. Na huyu wetu anaona. Anajua ameondolewa kwa sababu gani, na wenzake wanajua, na anaporudi nyumbani na godoro lake Februari, jirani naye anajua.

(Na madrasa zetu, samahani, tusijitoe. Siku ya maulidi au mashindano ya Qur'ani tunawapandisha jukwaani watano wenye sauti na hifdhi, wageni wanatokwa machozi. Wale themanini waliokaa nyuma, ambao mwaka wa tatu huu hawajavuka Juzuu Amma, tumeshawahi kumweleza mzazi yeyote habari zao? Yaishie hapo kwa leo, nitayaandikia siku yake.)

Mwalimu mkuu mmoja, rafiki yangu, nilipomgusia jambo hili alinijibu bila kuficha: "Shekhe, nikibaki na wote, wastani wangu unashuka. Ukishuka, Januari ijayo nafungua kidato cha kwanza na watoto 40. Mishahara ya walimu nitalipa kwa aya?" Jibu lake lina uchungu na lina ukweli, na ukweli wenyewe unatuhusu mimi na wewe. Mnunuzi wa lile lundo ni nani? Ni wewe mzazi. Unapotafuta shule unauliza, wana sifuri? Wakikwambia wanayo moja, unakunja uso na kuelekea shule ya jirani. Hukuuliza ile sifuri moja ilikuwa ni ya mtoto gani, aliingia na nini, na kwa nini shule haikumtoa. Pengine shule yenye sifuri moja ndiyo yenye mwalimu mkuu mchamungu kuliko wote mjini, kwa sababu alikubali kuaibika naye.

Sisemi kila mtoto anafaa kila shule. Yupo ambaye anahitaji ufundi, yupo anayehitaji kuwa karibu na mama yake, na kumwambia mzazi ukweli mapema ni nasaha, na dini ni nasaha. Tofauti iko wazi: nasaha humtazama mtoto, hutolewa mapema, mzazi ana hiari ya kuikataa, na shule inaendelea kumhesabu kwamba alipita kwetu na hatukumfikisha. Mchujo huitazama shule.

Wala huna haja ya kuwa mtaalamu ili uhakikishe. Matokeo ya Baraza la Mitihani yako wazi, kwa kila shule. Watoto waliofanya kidato cha nne Novemba 2025 ndio walioingia kidato cha kwanza 2022 na kufanya upimaji wa kidato cha pili Novemba 2023. Fungua ukurasa wa shule unayoitaka katika matokeo ya kidato cha pili ya 2023, hesabu watahiniwa. Fungua wa kidato cha nne wa 2025, hesabu tena. Kumbuka safu ya waliosajiliwa katika kidato cha nne haikusaidii, maana inawaonyesha waliosajiliwa kwa mtihani tu, na aliyeondolewa kabla hayumo. Ukikuta walikuwa 110 na sasa ni 104, hayo ni maisha. Ukikuta walikuwa 110 na sasa ni 70, usimtukane mtu kwenye kundi la msikiti. Nenda shuleni na adabu yako, kaa kitako, uliza. Huenda kuna maelezo ya haki. Huenda pia nafasi zao zimejazwa na wahamiaji wenye alama nzuri, kwa hiyo hata namba zikilingana uliza wangapi kati yao walianza hapa. Na usiulize ukiwa peke yako tu. Kwenye kikao cha wazazi, baada ya ajenda ya ongezeko la ada, iwepo ajenda ya walioondoka.

Najua kuna atakayeniandikia: shekhe, kwa nini unazianika shule za Kiislamu, maadui watafurahi. Ndugu yangu, kumbuka 2012. Matokeo ya somo la Maarifa ya Uislamu kidato cha sita yalipotoka yakiwa mabaya kupita kawaida, Waislamu tulisimama tukadai hesabu ipigwe upya. Hatukuambiwa tunaleta fitina. Tulioambiwa hivyo hatukusikiliza. Baraza likapitia, likakubali kwamba kulikuwa na kosa katika ukokotoaji, alama zikasahihishwa. Tulikuwa na haki, na kudai ile hesabu kulikuwa ni sahihi. Basi haki tuliyoidai kwa Baraza la serikali, binti wa yule mama muuza vitenge anaidai kwetu. Hana tume, hana waandamanaji. Ana mama yake.

Walimu wakuu na wajumbe wa bodi mnaonisoma, na najua mko wengi, nafasi ya maoni iko wazi hapo chini. Sihitaji majina ya watoto wala maelezo marefu. Andikeni jina la shule na namba mbili: walioingia kidato cha kwanza 2022, na katika hao hao, waliofanya mtihani kwenu Novemba 2025. Atakayeanza nitamwombea dua kwa jina, namba zake ziwe zozote zile.

Wabillahi tawfiq. Wallahu a'lam.